Majeraha ya Nafsi Yadai Tabibu Aliyefunzwa

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133, kadiri ya taarifa ya Tume ya Jaji Philip Waki ya mwaka 2008. Hao walihesabiwa. Wasiohesabiwa ni waliobaki hai na majeraha yasiyoonekana: mama ashtukaye usiku kila mbwa abwekapo, au aliyekuwa mtoto wakati ule na leo ni mtu mzima mwenye hasira asiyojua chanzo chake. Wataalamu huyaita majeraha hayo kiwewe.

Katika jumuiya nyingi watu hawa wamepewa mahubiri ya msamaha mahali pa tiba. Huitwa mbele ya watu wasimulie mabaya waliyotendewa, kisha wapeane mikono na jirani, na shughuli huishia kwenye chai. Twaona hilo ni dhuluma ya pili. Msamaria mwema hakumwuliza majeruhi kama amewasamehe wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili.

Wako wasemao kwamba sala yatosha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwataka wachungaji watumie pia matokeo ya saikolojia. Kitubio huondoa dhambi; aliyebakwa hana dhambi ya kuungama katika hilo, ana hofu iliyomwingia mwilini.

Basi aende kwa nani? Si kwa kila mwenye cheti cha semina ya siku tatu. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi ya kuwasajili, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama anayemtibu amesajiliwa. Aulize pia atatibiwa kwa njia gani, na kama njia hiyo imepimwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa wenye kiwewe, wakubwa kwa wadogo, tiba ya fikra na mwenendo inayolishughulikia tukio lenyewe. Tena likakataza desturi ya kumsimulisha mtu yote mara tu baada ya kupatwa na balaa. Mshauri mwema hufuata mwendo wa mgonjwa. Humweleza mapema kitakachofanyika, hutunza siri, wala hachukizwi mgonjwa akitaka kuketi karibu na mlango.

Tusidhani hayo ni ya matajiri wa Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi, huko Bungoma na Moshi. Waliowatibu kwa vikundi hawakuwa wanasaikolojia, bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Na hasa upande wa Kenya watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida. Palipo na msaidizi wa namna hiyo, swali la kwanza liwe: nani anamsimamia?

Kwa harambee twajenga minara. Tunaomba kila kamati ya Haki na Amani, kabla ya Kwaresima, iulize katika hospitali ya kaunti na ya jimbo ni nani aliyefunzwa tiba hii. Siku anazopokea wagonjwa na gharama zake zibandikwe mlangoni mwa ofisi ya parokia, na fungu la nauli litengwe kwa wasio nayo, kwa maana tiba hii haimalizwi kwa safari moja.