Tikiti ya Simu na Haki ya Mlangoni

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, wakati nchi yetu ilipokuwa ikiandaa mashindano ya CHAN pamoja na jirani zetu Tanzania na Uganda, ilitoka amri ambayo wengi waliisoma wakaipita. Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, lilisema kwamba mechi ya Kenya na Zambia ya tarehe 17, uwanjani Kasarani, isihudhuriwe na watu zaidi ya 27,000, ilhali uwanja ule huchukua 48,000. Na kwamba atakayeruhusiwa kupita langoni ni mwenye tikiti ya kielektroniki, si ya karatasi. Sababu yake haikuwa siri. Kabla ya hapo watu wasio na tikiti walikuwa wamevunja vizuizi na kuingia kwa mabavu.

Kandanda nawaachia wenyewe. Kenya ilishinda bao moja kwa bila, tukalala na furaha. Linalonishughulisha mimi katika ukurasa huu ni lile lango. Maana amri ile ya dharura imekwisha kuwa desturi yetu ya kila siku bila ya mtu kuitangaza: kwenye garimoshi, kwenye ndege, kwenye mabasi ya safari ndefu, kwenye tamasha na maonyesho ya muziki. Mtu haulizwi tena kama amelipa. Aulizwa simu yake iko wapi. Na maswali hayo mawili si mamoja.

Kwanza tuitendee haki tikiti ya simu. Ile ya karatasi haikuwa malaika. Sisi tuliokua Mombasa miaka ya 1970 na 1980 twawakumbuka walanguzi waliosimama nje ya sinema siku ya Idi, wameshika mabunda ya tikiti, na huku dirishani mwaambiwa zimekwisha. Twawakumbuka pia waandalizi wa ngoma waliohesabu vichwa ukumbini wakakuta watu mia tano na fedha za watu mia tatu. Wizi huo aliyeulipia ni mwanamuziki, kwa sababu yeye ndiye apewaye kinachosalia. Tikiti ya simu imeziba mianya mingi ya namna hiyo. Fedha yapita njia moja, yahesabika, na msanii mwenye akili aweza kuuliza idadi akaonyeshwa. Tena mtu wa Lamu anayetaka kupanda garimoshi Mombasa hana haja ya kumtuma mtu stesheni siku tatu kabla. Hili ni jambo la kheri, na alikataaye alikataa kwa inda tu.

Lakini tuitazame tikiti yenyewe ilikuwa nini. Ile kadi ngumu ndogo ya garimoshi ilibuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson katika miaka ya 1830, alipokuwa mkuu wa stesheni. Kabla yake makarani waliandika kila tikiti kwa mkono. Yeye akazichapa mapema na kuzitia nambari za mfululizo, ili ijulikane zimeuzwa ngapi na fedha zimeingia ngapi. Kadi kama hizo ndizo tulizozishika kwenye garimoshi la usiku la Mombasa na Nairobi, katika reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ambayo iliacha kuchukua abiria wa safari hiyo mwaka 2017. Karani aliitoboa, ukaitia mfukoni. Ilikuwa ni mali ya aliyeishika. Ukiugua, ndugu yako aliisafiria.

Kiswahili chetu kilisema, na hata leo chasema, kukata tikiti. Masikioni mwangu neno hilo lina sauti ya karatasi inayochanika: kipande kwako, kipande kwa mwenye mlango, na kila mmoja ana ushahidi wake. Tikiti ya simu haikatwi. Yenyewe yakaa nzima katika mashine za mwenye mlango, nawe wapewa kivuli chake.

Kivuli hicho ni ule mraba wa madoa meusi na meupe uitwao msimbo wa QR. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, na aliyeongoza kazi hiyo ni Masahiro Hara. Haukukusudiwa wasafiri wala wapenda muziki. Ulikusudiwa vipuri vya magari kiwandani, ili kila kimoja kijulikane ni kipi na chaelekea wapi. Wazo lilimjia Hara kutokana na mchezo wa Go, wa vijiwe vyeusi na vyeupe juu ya ubao. Ile miraba mitatu ya pembeni ndiyo inayoijulisha mashine msimbo umeanzia wapi na umelalia upande gani, na hata ukipakwa matope sehemu ya asilimia 30 waweza bado kusomeka. Ni ufundi wa kustahiwa.

Ila mimi nilianza kusoma chuoni, nikiwa na ubao wangu mapajani, kabla sijapelekwa skuli. Tulisoma maneno ambayo hatukujua maana yake. Lakini mwalimu aliijua, na aliyemfunza mwalimu aliijua. Hata hati ya karani mwenye mkono mbovu kabisa ilikuwa na mtu wa kuisoma. Mraba huu hausomwi na anayeuchukua, wala hausomwi na bawabu anayeukagua. Zamani ukikosana na karani mlikuwa watu wawili na karatasi kati yenu, na kila mmoja aliweza kunyoosha kidole akasema: tazama hapa. Siku hizi mashine ikionyesha rangi nyekundu, wewe huna la kutetea na bawabu hana la kuamua.

Nililiona hili si zamani sana, mlangoni pa onyesho moja la taarab mjini hapa. Alikuja mzee wa kanzu na kofia, yeye na mkewe. Kijana wa mlangoni alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo mzee. Naomba tikiti."

"Marahaba mwanangu. Zimo simuni, na simu imezima."

"Basi mzee, itie chaji kidogo kisha urudi."

"Nikaitie wapi saa hizi?"

Kijana akasema hana ruhusa ya kumpitisha mtu ambaye mashine haijamsoma. Mzee akataja jina la mwanawe aliyezilipia, akataja kiasi, akataja na siku. Yote hayo hayakuwa na pa kutazamwa. Kijana hakupewa hata daftari. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Mama wa watu alisimama na buibui lake, ametazama chini, kwa haya ya kuonekana kama mtu atakaye kuingia bure. Mwisho mwenye duka jirani alitoa waya, wakaingia huku wimbo wa tatu ukimalizika. Walikuwa wamelipa kamili, tena mapema kuliko wengi wetu.

Kwa tikiti hii mtu hatakiwi kuwa na simu tu. Atakiwa awe na simu ya kioo, chaji, bando, mtandao usiokatika palipokusanyika watu elfu kumi, na macho ya kuona maandishi madogo usiku. Kimoja kikikosekana, malipo yake ni kama hayakuwa. Na gharama zote hizo, ambazo zamani zilikuwa juu ya mwenye mlango, yeye ndiye aliyekuwa akichapa tikiti na kuajiri karani, sasa zi juu ya mgeni.

Watu watanijibu kwamba Mkenya ameizoea simu. Ni kweli, lakini simu gani? M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilifanya kazi kwenye kabambe, ile ya vitufe tuiitayo mulika mwizi. Haikumtaka bibi wa Kwale abadilishe simu yake. Ndiyo maana ilimfikia. Hata reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilianza vizuri kwa upande huu: mtu alibonyeza *639#, akalipa, akapata ujumbe wenye nambari, akafika Miritini akaichapisha tikiti yake kwenye mashine iliyoko stesheni. Simu ilifanya kazi yake na karatasi ikafanya yake. Nauli ya daraja la chini imepanda, kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 tangu Januari 2024, lakini hilo ni shauri jingine.

Katika reli hiyo hiyo tikiti ina jina, na kitambulisho chatazamwa. Wakubwa wasema ni kwa usalama na kuwazuia walanguzi, na sina sababu ya kuwakanusha. Ila neno kipande lina historia nchini humu. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na wazee wetu walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati ili Mzungu ajue nani yuko wapi na alitoka kwa nani. Silinganishi garimoshi na ukoloni. Nakumbusha tu kwamba tikiti isiyo na jina ilikuwa ni uhuru mdogo ambao hatukuuona mpaka ulipoondoka. Leo hata kwenda kusikiliza udi na ganuni waacha nyuma jina, nambari ya simu na saa uliyoingia. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Basi kila mwandalizi anayekusanya majina hayo naambiwe mlangoni kwake, kwa Kiswahili, aeleze anayaweka wapi na atayafuta lini.

Wala haya si ya huku kwetu peke yake. Waliokwenda Umra miaka ya karibuni wajua kwamba kuswali Raudha, katika Msikiti wa Mtume Madina, kwahitaji kibali kinachoombwa kwa programu ya simu iitwayo Nusuk. Mtu hupewa siku na saa yake, na kwa kawaida ruhusa ni mara moja katika siku 365. Nimeulizwa na wengi nalionaje hilo. Nawajibu kwamba ninaowajua wamegawanyika. Kuna waliosema kwamba zamani aliyeingia ni mwenye kifua, na wazee walisukumwa kando mpaka wakakata tamaa. Leo mzee ana saa yake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini wapo kina mama wa Pwani waliofika Madina wakakuta wamtegemea kiongozi wa msafara kwa kila jambo, kwa sababu programu hawaijui, na wenzao wakapita wao wakabaki uani. Mfumo ule ule umemwinua mmoja na kumwangusha mwingine, na tofauti yao ni nani alikuwa na mtu wa kumshikia simu.

Hapo ndipo vijana wanaponiambia: basi mzee si ampe mjukuu simu amsaidie? Humpa, kila siku. Na pamoja na simu humpa nambari ya siri ya M-Pesa, na salio lake, na jumbe zake zote. Ukiwauliza kina mama wangapi wameibiwa kwa njia hiyo, na nani, watainama wasikujibu, kwa sababu mwizi ni wa nyumbani. Wala ughushi haukufa. Mjanja hununua tikiti moja, akaipiga picha, akaiuza kwa watu watano. Wa kwanza kufika mashine yamkubali. Wanne waliobaki waambiwa tikiti yao imekwisha kutumika, nao wana mraba ule ule safi mkononi. Karatasi bandia uliweza kuipima kwa kidole.

Sidai turudi nyuma. Nadai dirisha. Pale ambapo mlango ni wa umma, kama garimoshi, kama majumba ya makumbusho, kuwe na dirisha moja ambapo mtu atalipa kwa mkono, apewe karatasi, aingie. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa jela ya Waingereza hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Si haki mtoto wa Mji wa Kale ashindwe kuingia kuitazama kwa sababu hana bando. Tangu mwaka 2023 serikali imezihamishia huduma zake kwa maelfu kwenye eCitizen, na wakubwa wahesabu hilo kuwa ni ushindi. Sawa, lakini wahesabu pia waliorudi nyumbani.

Kwa waandalizi wa binafsi siwezi kuamrisha, naweza kuomba. Shirika la ndege la Ryanair la huko Ulaya, ambalo hakuna anayelisifu kwa ukarimu, lilipoondoa karatasi kabisa tarehe 12 Novemba 2025 lilieleza kwamba abiria aliyekwisha kujiandikisha, kisha simu yake ikazima au ikapotea, atasaidiwa papo hapo uwanjani bila ya malipo. Ikiwa wao wameliwaza hilo, sisi watu wa hodi na karibu tutashindwaje? Tikiti nazije na nambari fupi inayosomeka hata kwenye kabambe. Bawabu naapewe orodha ya waliolipa, na ruhusa ya kuitumia. Pawe na waya wa chaji mezani. Waandalizi wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaotayarisha maonyesho ya Idi, naomba watwambie katika matangazo yao, chini ya bei ya kiingilio, mtu ambaye simu yake imezima amwone nani.