Kabla ya kumlipa fundi, geuza kompyuta uangalie mgongo wake

Hebu niambie ukweli. Hiyo kompyuta ya mezani uliyonunua ex-UK pale tao, umewahi kuigeuza ukaangalia nyuma? Sisemi kupangusa vumbi. Nasema kuangalia tundu moja baada ya jingine mpaka ujue hili ni la nini na lile ni la nini. Kama bado, basi kuna mtu Luthuli anakungoja na adapta mkononi. Simlaumu, naye anatafuta unga. Lakini pesa ni zako.

Chukua mashine zilizojaa kwenye keja zetu: Dell OptiPlex 7010, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zao. Zilitumika maofisini ng'ambo, zikaletwa huku, na bado zina nguvu. Umeifikisha nyumbani, unataka kuiunganisha na TV. TV ina HDMI. Unatafuta HDMI kwenye kompyuta, hakuna. Unampigia muuzaji, anakwambia, "Hiyo ni ya kitambo bosi, itabidi ununue kadi ya grafiki."

Usitume pesa. Angalia tena. Kuna tundu linalofanana sana na HDMI, ila limekatwa kona moja tu. HDMI imepunguzwa kona zote mbili za chini, kwa hivyo ukiangalia vizuri huwezi kuzichanganya. Hilo la kona moja linaitwa DisplayPort. Limekuwepo tangu 2006 na linabeba picha na sauti pia. Unachohitaji ni waya wenye kichwa cha DisplayPort upande mmoja na HDMI upande wa pili. Kwisha.

Sasa shika hili, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza pesa mara ya pili. Waya huo wa kawaida hufanya kazi kuelekea upande mmoja tu: kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini. Kama laptopu yako ina HDMI na skrini uliyookota kwa bei nzuri ina DisplayPort pekee, waya ule ule utaingia vizuri pande zote na bado utaona giza. Hakuna kilichoharibika, umenunua tu waya usiofaa. Na ukirudi dukani, risiti imeshaandikwa kuwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Jirani yake ni VGA, lile tundu pana, mara nyingi la bluu, lenye vishimo 15 kwa safu tatu na skrubu mbili kando. IBM walilileta 1987, fikiria, na bado liko. Linafanya kazi, lakini halibebi sauti hata kidogo. Kwa hivyo ukiona picha kwenye TV na kimya kimetanda, usianze kugonga spika. Sauti inatoka kwenye kitundu cha mviringo cha kijani. Cha waridi ni cha maikrofoni.

Kwa wacheza gemu: kama mashine yako ina kadi ya grafiki, utaona matundu ya picha sehemu mbili, mengine juu pamoja na ya USB, mengine chini yamejitenga. Chomeka skrini kwenye yale yaliyojitenga. Ukichomeka juu, ama skrini itabaki nyeusi, ama picha itakuja huku kadi uliyoichangia miezi mitatu imekaa bure na gemu inakwama kwama. Kuna watu wamefungua kompyuta nzima kwa bisibisi kwa sababu ya hili tu.

Tundu la mraba la waya wa intaneti lina vitaa vidogo. Visipowaka, anza na waya na ruta kabla ya kugombana na watu wa fiber kwenye simu. Yale mawili ya mviringo, zambarau na kijani, ni ya kibodi na kipanya za zamani. Yaache.

USB nayo kila mtu anadhani anaijua. Chuo nilikiacha njiani, lakini nilikaa vya kutosha kumwona mtu wa mwaka wa tatu, kozi ya kompyuta, akiita kila tundu USB, hata HDMI. Ukichungulia ndani ya yale ya kawaida, utaona kilimi cha plastiki. Cheusi au cheupe mara nyingi ni USB 2.0, ambayo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Cha bluu mara nyingi ni 3.0, inayofika gigabiti 5, yaani zaidi ya mara kumi. Rangi si sheria, kampuni nyingine hutumia nyekundu, kwa hivyo tafuta pia herufi SS kando. Kibodi na kipanya havina haraka, viweke kwenye nyeusi. Hadi diski ya nje ipewe bluu, utalaumu kompyuta bure kuwa ni mzee.

Halafu kuna USB-C, na hapa nina hasira kidogo. Tangu 2014 tumeahidiwa tundu moja la kila kitu. Kweli, umbo ni moja. Kazi ndizo si moja. Laptopu moja itachaji kwa USB-C, nyingine itakataa kabisa, nyingine itatoa picha kwenda kwenye skrini, nyingine haiwezi, na zote ukizitazama kwa macho ni pacha. Wengine huweka alama kando, kama herufi D na P zilizounganishwa kuonyesha kuwa picha inapita. Wengine hawaweki chochote. Huko ni kumwachia mnunuzi abahatishe.

Na wauzaji wetu wa mtandaoni nao wanachangia. Tangazo litasema Core i5, RAM 8, SSD 256, "clean kama mpya", na picha nne, zote za mbele. Mgongo haumo. Sidhani ni njama, ni vile tu sisi wanunuzi hatuulizi. Tuanze kuuliza. Kabla hujatuma hata bob moja, mwandikie: nitumie picha ya nyuma na ya pande zote mbili. Kisha simama mbele ya TV yako au skrini yako, ulinganishe tundu kwa tundu, uhesabu ni nyaya gani utahitaji na bei yake. Kama mashine ina USB-C, mwambie achomeke chaja na skrini hapo hapo ukiona. Bei ya waya inayokosekana unaitoa kwenye bei ya mashine. Na kama hataki kupiga picha, maduka ni mengi kwenye hilo hilo jengo.