Kemia ya pili: mwacheni aende, ila aulize kwanza

Haya wajameni, leo siasa tuziweke pembeni. Nina binamu yangu Ndalambo, kule Momba mkoani Songwe. Keshamaliza digrii ya kemia, na ukoo mzima umemkalia kikao. Wazee wanataka ashuke Tunduma akatafute kibarua kwa mawakala wa forodha, maana malori ya Zambia hayaishi. Yeye anataka kurudi chuo, tena si kwa digrii ya pili ya kukaa darasani, bali ile ya utafiti mtupu: wewe, swali lako, msimamizi na maabara.

Niko upande wake, na sababu yangu ni mahindi.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu, 20 wakafa. Kenya, mwaka 2004, walikufa 125. Sumu hii inatengenezwa na fangasi wa ghalani, na moto wa kusongea ugali hauimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, na hakuna mama anayeweza kukiona kwenye ungo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa siku chache, hoja ilikuwa hiyohiyo, yaani vipimo vya maabara. Sasa kozi ya darasani itamfundisha binamu sumukuvu ni nini. Haitamwambia iko kiasi gani kwenye kihenge cha shangazi, kwa mahindi yaliyovunwa mabichi na yale yaliyokauka. Hapo lazima mtu abebe sampuli akapime.

Lakini bwana mdogo asikurupuke. Nawafahamu jamaa walioingia kwa miaka miwili wakatoka baada ya minne. Mashine imekufa, fundi yuko nje ya nchi, kemikali ziko bandarini, msimamizi yuko semina (msimamizi yuko semina siku zote). Ada haisubiri.

Kwa hiyo kabla hajalipa hata shilingi, aende maabara kwa miguu yake. Asimuulize profesa, awaulize wanafunzi waliomo: mashine ilipima lini mara ya mwisho? Nani analipia kemikali? Aliyetangulia alimaliza kwa muda gani? Akikuta mashine imefunikwa kitambaa chenye vumbi, ashukuru, aage, apande basi akaulize kwingine. Mlimani kuna kemia, SUA pale Morogoro na Nelson Mandela kule Arusha wanashughulika na chakula. Nauli ya kuzunguka kote huko nitamchangia mimi.