Ubaya wa Shinra Haumfanyi Barret Kuwa Shujaa

Makamanda, wiki hii tuweke matamko pembeni, tuongee gemu. Najua wapo watakaosema huo ni utoto. Sawa. Lakini Final Fantasy VII, iliyotoka Japani mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, ina somo la siasa ambalo sisi wa upinzani tunapenda kusoma nusu yake tu. Nusu ya kwanza inatupendeza kwa sababu inamsema adui. Nusu ya pili inatusema sisi.

Ukimuuliza mtu aliyeicheza adui ni nani, atakujibu haraka: Sephiroth. Yule jamaa wa nywele ndefu za rangi ya fedha, na upanga mrefu kumzidi yeye mwenyewe. Na steringi? Cloud. Kesi imekwisha. Ila ukiifuatilia hadithi taratibu utaona kwamba Sephiroth ni zao tu. Shamba lililomzaa lina jina, nalo ni Shinra.

Shinra ni kampuni. Ilianza kwa kutengeneza silaha, baadaye ikaingia kwenye umeme. Umeme wake unatokana na mako, ambayo ni uhai wa sayari yenyewe unaofyonzwa ardhini na vinu vikubwa. Mji wa Midgar umezungukwa na vinu vinane. Juu ya nguzo kuna sakafu kubwa ya chuma wanakoishi wenye nazo. Chini ya sakafu hiyo ndiko uswahilini, watu wanaishi kwenye mabati na mabaki, na jua wanalisikia tu. Kampuni ina jeshi lake na televisheni yake. Mji una meya, anaitwa Domino, ofisi yake imo ndani ya jengo la Shinra, na kazi iliyobaki mikononi mwake ni kutunza makabrasha. Meya jina! Wale mnaojua kugombea udiwani, kushinda, halafu kukuta kila uamuzi umeshafanyika kwingine, hapo hamhitaji mkalimani.

Kisha kuna wale wanaoitwa Turks. Kwenye muundo wa kampuni ni kitengo cha uchunguzi cha idara ya mambo ya kawaida ya utawala. Kazi yao halisi ni kuteka, kupeleleza na kuua. Wanavaa suti safi. Kwetu watu wa namna hiyo tumewapa jina la "wasiojulikana". Kule Midgar wanajulikana kabisa, hadi majina yao, ila hakuna wa kuwakamata.

Sasa Sephiroth alitoka wapi? Alitengenezwa kwenye majaribio ya mwanasayansi wa Shinra, Hojo, akiwa bado tumboni kwa mama yake. Akakuzwa kuwa askari, akapelekwa vita dhidi ya Wutai, akarudi akiwa shujaa wa taifa. Siku alipofika kijiji cha Nibelheim na kusoma makabrasha yanayohusu asili yake, akili ikaruka, akakichoma kijiji kizima. Na Shinra ilifanya nini? Ilikijenga upya kijiji kilekile, nyumba kwa nyumba, ikaweka watu wake waishi humo wakijifanya wenyeji. Cloud na Tifa, ambao ni wazaliwa wa pale, wanaporudi wanaambiwa hapajawahi kuungua kitu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo kiovu kuliko vyote kwenye gemu nzima. Upanga unaua mtu mara moja. Huku kukana kunamwua aliyekwisha kufa, na kunamgeuza aliyepona kuwa mwongo.

Halafu Sekta ya 7. Shinra inataka kukimaliza kikundi kidogo cha waasi, Avalanche, chenye maskani yake uswahilini. Badala ya kuwasaka watu wachache, inaivunja nguzo na kuangusha sakafu nzima juu ya sekta hiyo. Wanakufa waliokaa chini na waliokaa juu. Kisha wanaobebeshwa lawama ni Avalanche haohao.

Hii ndiyo nusu tunayoipenda. Dola inatenda, halafu dola inasimulia nani katenda. Tunaijua, tunaiimba. Naomba sasa twende kwenye nusu ya pili.

Gemu inaanza na bomu. Kiongozi wa Avalanche, Barret, jamaa mkubwa mwenye bunduki badala ya mkono wa kulia, anaongoza kundi lake kulipua kinu cha Sekta ya 1. Muziki ni mtamu, saa inahesabu kurudi nyuma, unakimbia, unatoka, kinu kinalipuka. Unajisikia steringi. Gemu haikuombi ufikirie nani alikuwa zamu usiku ule, au nani alikuwa anapita barabarani.

Inakuuliza baadaye sana, ukiwa umeshasahau. Na anayeuliza ni Reeve, mkuu wa maendeleo ya mji ndani ya Shinra, ambaye amekuwa akifuatana na kundi kupitia mdoli anayeitwa Cait Sith. Anamkumbusha Barret watu waliokufa Sekta ya 1. Barret anajitetea kwamba ilikuwa kwa ajili ya sayari, na kwamba wachache kuumia ni jambo la kutegemewa. Anajibiwa kwamba hao anaowaita wachache, kwao wenyewe ndio yalikuwa maisha yao yote.

Angalia nani anasema. Huyu Reeve ni mtu wa Shinra, kazi yake ya kwanza kwenye kundi ilikuwa upelelezi, na aliwahi kumtumia Marlene, mtoto anayelelewa na Barret, kama mateka ili asifukuzwe. Barret alikuwa na kila sababu ya kumwambia, "Wewe nani wa kunihukumu?" Na hapo mwanzo anafoka kweli. Ila mwishowe anakubali kwamba walichofanya Midgar hakifutiki kwa sababu yoyote, hata iwe nzuri kiasi gani. Kwangu mimi hapo ndipo Barret anapoanza kuwa shujaa. Siku ya bomu alikuwa mtu mwenye hasira ya haki, basi.

Na waandishi wa gemu walihakikisha hatuchanganyi hayo mawili, maana walituwekea mtu wa kumlinganisha naye. Barret alitoka Corel, mji wa wachimba makaa ya mawe. Shinra ilipokuja kujenga kinu, Barret aliunga mkono. Aliyepinga ni rafiki yake, Dyne. Kinu kikapata ajali, Shinra ikawasingizia wenyeji na kuuchoma mji. Barret akafiwa na mke. Katika risasi za siku ile Barret alipoteza mkono wa kulia, Dyne wa kushoto, na kila mmoja akafunga bunduki mahali pa mkono. Maumivu yaleyale, adui yuleyule, silaha ileile. Miaka inapita, mmoja anapigania dunia ambayo Marlene ataishi. Mwingine, Dyne, ambaye ndiye baba mzazi wa Marlene, anaua watu wasiohusika, na anasema anataka kila kitu kiteketee.

Tena Dyne ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo! Ndiye aliyekikataa kinu. Kuwa sahihi kuhusu adui hakukumwokoa. Anapokutana na Barret mara ya mwisho, anajua mikono yake imejaa damu mno kiasi cha kutoweza tena kumbeba mwanae, na anajirusha gengeni.

Toleo jipya, Remake la mwaka 2020, limelainisha jambo hili. Humo bomu la Avalanche linafanya uharibifu mdogo, na Shinra yenyewe ndiyo inayokimalizia kinu ili iwasingizie. Inapendeza, na inafanana na mambo tunayoyajua. Lakini naona la 1997 lilikuwa na ujasiri zaidi, kwa sababu lilimwachia Barret mzigo wake.

Sasa tuje kwetu. Sisemi hapa kuna mtu ametega bomu. Mapambano yetu ni ya hoja, ya sanduku la kura na ya mahakama, na yabaki huko. Ninachosema ni kwamba tumejenga tabia ya kutumia ubaya wa watawala kama cheti cha usafi wetu. Kamanda akiuliza mahesabu ya michango ya tawi, anaambiwa, "Wenzetu wanaiba mabilioni, wewe unahoji nauli?" Akilalamikia uchaguzi wa ndani uliopangwa majina mezani, anaambiwa anatumika. Binti wa upande wa pili akitukanwa matusi ya nguoni mtandaoni na vijana wetu, tunacheka, eti mbona wao wanatufanyia zaidi. Mtu anasambaza picha ya vurugu za nchi nyingine akidai ni za jana hapa kwetu, akisahihishwa anasema, "Si ni haohao tu." Hiyo ni lugha ya Barret kabla hajakubali: ni kwa ajili ya sayari, wachache wataumia.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia vikaoni mara nyingi: tukijikosoa hadharani tunampa adui silaha. Turudi Sekta ya 7. Je, Shinra ilihitaji ushahidi wa kosa lolote la Avalanche ili iwabebeshe lawama? Iliangusha sakafu yenyewe, ikamaliza. Baadaye kimondo kinapokuja kuipiga sayari, Barret na Tifa wanapangiwa kuuawa mbele ya kamera, ili wananchi wapate wa kumlaumu. Anayekusingizia hasubiri uteleze. Kwa hiyo kimya chetu hakitulindi na chochote. Kinachofanya ni kumpokonya yule mama wa uswahilini sababu ya kututofautisha na waliomkalia kichwani. Akituona tunaficha kama wao na tunajibu kama wao, ana haki ya kusema siasa zote ni moja. Na akishasema hivyo, hapigi kura kabisa. Hiyo ndiyo kura ambayo Shinra huishinda bila jasho.

Na tuache kungoja Cloud. Kumbuka huyo naye alijitambulisha kama askari wa daraja la kwanza wa kikosi cha SOLDIER, na kila mtu akamfuata kwa sababu ya sifa hiyo. Kumbe hakuwahi kufika huko, alikuwa askari wa kawaida. Aliporudiwa na akili zake aliwakalisha wenzake akawaambia ukweli wote, na hawakumtupa. Walimfuata tena, safari hii wakimjua. Vuguvugu linaloweza kusikia ukweli kuhusu kiongozi wake na bado likasimama ndilo linaloweza kukabidhiwa nchi.

Uchaguzi wa ndani wa baraza la vijana ukifika katika tawi lako, fanya mambo matatu. Dai daftari la wapiga kura wa ndani lionekane kabla ya siku ya kura, kama tunavyolidai lile la taifa. Dai hesabu za michango zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama. Na mwenzako akiumiza mtu asiyehusika kwa jina la mapambano, mwambie palepale, usingoje mtu wa Shinra aje kutuambia.