Nyumba ya Mama na Kiwanda cha Torpido

Wiki mbili zilizopita kaka alinipigia simu kutoka Mombasa. "Dada, nyumba ya mama pale Majengo imechoka. Tuibomoe tupandishe ghorofa." Nikamwomba anipe wiki moja.

Simu ile ilinikuta na watoto mjini Alexandria, kwenye Torpedo Factory, ukingoni mwa mto Potomac. Kama hujafika, nenda. Kuingia ni bure. Ujenzi wake ulianza tarehe 12 Novemba 1918, siku moja tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kusimama. Humo ziliundwa torpido, silaha zinazopita chini ya maji kuzamisha meli. Baada ya Vita vya Pili jengo likawa ghala la serikali. Mji wa Alexandria ulilinunua mwaka 1969, na mwaka 1974 wasanii wakaingia. Leo wachoraji na wafinyanzi hufanya kazi humo milango ikiwa wazi, nawe unasimama ukawatazama na kuwauliza.

Lililonigusa ni kwamba asili ya jengo haikufichwa. Torpido moja imewekwa ukumbini, ya kijani cha kung'aa ili ionekane majini wakati wa majaribio. Mwanangu akauliza, "Mama, mbona wameiacha hapa?"

Nikamkumbusha Fort Jesus tuliyoitembelea likizo. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kulinda mlango wa bandari. Waingereza wakaifanya gereza hadi 1958. Sasa ni makumbusho. Kazi imebadilika mara nyingi. Mwamba ni uleule, na bahari ni ileile.

Wiki ilipokwisha nikampigia kaka. Sikumwambia nyumba isiguswe. Mimi niko mbali. Anayeweka ndoo paa linapovuja ni yeye. Nilimwomba amwite fundi azikague kuta kwanza. Zikiwa nzima, vyumba vya mbele viwe maduka, vya nyuma vipangishwe, na baraza libaki, maana pale ndipo mama alipouza mahamri na ndipo majirani wanapotujua. Zikiwa mbovu, ghorofa ijengwe, lakini na baraza mbele.

Kaka akanyamaza kidogo. "Na pesa za fundi?"

Nimeshatuma. Nawe msomaji, nyumba ya kwenu anaiangalia nani?