Breki za kitufe hazitaki ubabe, zinataka ujuzi

UKISIMAMA Usagara, pale njia panda ambako barabara inayotoka Mwanza inagawanyika, moja ikienda Misungwi na Shinyanga, nyingine ikielekea Kigongo, Sengerema na Geita, huhitaji kusoma ripoti ya mtaalamu kujua kwamba magari yetu yamebadilika.

Katikati ya Hiace za abiria, Fuso za ng'ombe na malori ya mpunga, zinapita Harrier zile ambazo vijana wanaziita Anaconda, Honda Vezel, Mazda CX-5 na Toyota C-HR. Wenye magari hayo si mawaziri. Ni wafanyabiashara wa samaki wa Kirumba, wanunuzi wa pamba, wenye maduka ya pembejeo na watumishi waliokopa benki.

Mengi ya magari hayo yana jambo moja linalofanana. Ule mkono wa breki tuliouzoea katikati ya viti haupo. Badala yake kuna kitufe kidogo chenye herufi P ndani ya duara. Ukikivuta, unasikia mota ikilia kwa muda mfupi huko nyuma, kisha gari linashikwa.

Mafundi wengi wa kwetu bado wanalibadilishia pedi za nyuma gari la namna hii kama wanavyoibadilishia Corolla ya 1998. Hoja yangu leo ni kwamba mazoea hayo yanawatia hasara wenye magari, na yatawatia hasara kubwa zaidi mafundi wenyewe, wakati dawa yake si ghali kama wanavyodhani.

Naanza na yaliyonikuta. Mwaka jana pedi za nyuma za gari langu zilikwisha. Nikaenda kwenye gereji moja ya kando ya barabara, kwa kijana niliyemwamini kwa miaka mingi. Akafungua tairi, akatoa pedi zilizolika, akachukua klampu na kuanza kuirudisha pistoni ndani ya kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski.

Pistoni ikagoma. Akaongeza nguvu. Akamwita mwenzake, wakashika bomba la chuma na kulivuta wote wawili. Tukasikia kitu kimelia "kwa!" na pistoni ikarudi. "Imekubali, bosi," akaniambia huku akijifuta jasho.

Haikuwa imekubali, ilikuwa imevunjika. Nilipowasha gari, taa ya breki iliwaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena. Upande wa kulia mota ililia bila kushika kitu. Kalipa nzima ikabidi iagizwe kutoka Dar es Salaam.

Mimi naishi kwenye mteremko, kama walivyo wakazi wengi wa jiji hili la mawe. Kwa wiki mbili nililala nikiwa nimetega mawe mawili nyuma ya matairi, gari likining'inia kwenye gia ya P. Gia hiyo hushikwa na kijino kidogo cha chuma ndani ya gia boksi, ambacho hakikuwekwa pale kifanye kazi ya breki mlimani usiku na mchana. Kila asubuhi nilipotoa gia, gari lilishtuka kama limepigwa teke.

Kijana yule ni muungwana. Alikubali kuchangia nusu ya bei ya kalipa, na ninajua kwamba fedha hiyo ilikuwa chakula cha watoto wake. Kazi iliyopaswa kumwingizia kipato ilimtoa kipato. Hakuwa mvivu wala mlevi. Alikosa maelezo ya nusu saa tu.

Maelezo yenyewe ni haya. Katika magari mengi yenye breki za kitufe, kila kalipa ya nyuma imefungwa mota ndogo ya umeme. Mota hiyo inazungusha gia, gia inazungusha skrubu, na skrubu inasukuma nati inayoikandamiza pistoni kwa ndani. Unapokanyaga pedali, ni mafuta ya breki yanayosukuma pistoni. Unapovuta kitufe, ni ile skrubu.

Kwa hiyo kama nati haijarudishwa nyuma kwanza, pistoni haina pa kwenda. Fundi anayeibana kwa klampu anashindana na skrubu ya chuma, na katika mashindano hayo kinachoshindwa ni meno ya gia au mota yenyewe.

Njia sahihi ni kuliweka gari katika hali ya matengenezo. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya kupimia gari, ile inayochomekwa chini ya usukani, yenye programu ya breki ya kuegesha. Baadhi ya magari hukubali kwa mpangilio maalumu wa pedali na kitufe ulioelezwa kwenye kitabu cha matengenezo. Mota ikisharudisha nati, pistoni inasukumika taratibu bila vita.

Yapo mambo mengine madogo yenye madhara makubwa. Betri iwe na nguvu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi kazi inabaki njiani. Ufunguo uondolewe ndani ya gari, kwa sababu mota ikiwaka wakati vidole viko kwenye kalipa, havitapona. Kiasi cha mafuta ya breki kwenye kopo kiangaliwe, kwa kuwa pistoni ikirudi ndani mafuta hupanda na yanaweza kumwagika kwenye rangi.

Pini za kalipa nazo zisafishwe na kupakwa grisi inayofaa. Vumbi la barabara zetu za kwenda mashambani huzigandisha, na pini ikiganda pedi moja huisha huku nyingine ikiwa bado mpya. Mwisho, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla ya kulitoa gari katika hali ya matengenezo, halafu kitufe kijaribiwe mahali tambarare, kisha mlimani.

Najua mafundi wenye ujanja watasema kompyuta si lazima. Watasema unafungua boliti mbili, unatoa mota na kuirudisha skrubu kwa spana. Ni kweli, kwa magari kadhaa jambo hilo linawezekana. Lakini mara nyingi gari halijui kilichofanyika, taa inabaki ikiwaka na breki inashika pasipo kiasi chake.

Kuna ujanja mwingine ulio hatari zaidi, wa kuchukua nyaya mbili na kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mota katika gari huamriwa na kompyuta isimame mahali fulani. Ukiipa umeme wa betri hakuna wa kuiambia imefika, na itajizungusha hadi ijikwamishe au ivunje meno.

Tena si magari yote yanayofanana. Yapo ambayo kitufe kinaiamuru mota moja kuvuta nyaya za breki, na nyaya hizo zinabana viatu vya breki vilivyo ndani ya diski. Hapo pedi hubadilishwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Fundi asiyejua gari lililo mbele yake ni la aina gani anacheza bahati nasibu kwa fedha ya mtu mwingine.

Lawama si za mafundi peke yao. Sisi wenye magari tunanunua gari la mamilioni halafu tunabishania fedha ya ufundi kama tunanunua mchicha. Fundi akisema kazi hii ina gharama ya kupima, tunamwona tapeli, tunahamia kwa yule wa bei ya soda. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye breki, rahisi huvunja kalipa, na siku nyingine inaweza kuvunja mguu wa mtoto anayecheza nyuma ya gari lililoegeshwa.

Wapo wanaosema magari haya ni machache, fundi atapata hasara kununua mashine kwa ajili yake. Siafikiani nao. Kampuni ya BMW ilianza kuweka kitufe hicho kwenye gari lake kubwa la 7 mwaka 2001, na Volkswagen ikafuata kwenye Passat ya 2005. Wakati huo tuliona ni mambo ya Ulaya. Mwishoni mwa 2013 Harrier na Vezel mpya zilitoka nazo Japani, na hao ndio wanaotuuzia magari.

Zaidi ya hapo, kodi ya uchakavu inalitoza zaidi gari dogo lililotimiza miaka 8, na inakaza zaidi likipita miaka 10. Mnunuzi anayekwepa kodi hiyo anaagiza gari jipya kidogo, na gari jipya kidogo linakuja na kitufe. Kwa maneno mengine, kila meli inayoshusha magari bandarini inamletea fundi wa Usagara kazi ambayo hajajiandaa kuifanya.

Tufanye hesabu ya kawaida, kwa mfano tu. Gereji inayobadilisha pedi za magari mawili ya aina hii kwa wiki, ikatoza Sh10,000 zaidi kwa kila gari kwa ajili ya kupima, itakuwa imekusanya Sh1,040,000 kwa mwaka. Mashine hiyo hiyo inasoma taa ya injini, mifuko ya hewa na gia boksi. Siyo kifaa cha breki tu.

Na kama fundi mmoja haiwezi bei, mafundi watano wanaweza. Tunachangiana harusi na misiba, tunacheza upatu. Kwa nini tusichangie kifaa kimoja kikazunguka kwenye gereji tano za jirani, kila anayekitumia akilipia kidogo kwenye mfuko wa pamoja? Muhimu ni kuhakikisha kabla ya kulipa kwamba kina programu ya breki ya kuegesha, kwa sababu vile vya bei ya chini kabisa husoma injini peke yake.

Kwa watu wa Usagara suala hili lina uzito wa pekee. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi ilikwisha. Msafiri wa Geita au Bukoba aliyekuwa akisubiri kwa saa nyingi sasa anavuka kwa dakika chache.

Ni neema, lakini ina upande wa pili. Biashara iliyotegemea watu kusubiri inakufa watu wasiposubiri. Leo gari litasimama Usagara kwa sababu tu kuna kitu hapo kisichopatikana kwingine. Gereji inayojulikana kwa kutengeneza breki za kitufe bila kuharibu ni sababu tosha. Gereji yenye klampu na bomba la chuma si sababu.

VETA Mwanza iko Nyakato, si mbali. Mamlaka hiyo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, ambao hupimwa na kupewa vyeti. Ni utaratibu mzuri. Naomba uongezwe mafunzo mafupi ya siku mbili au tatu kuhusu breki za umeme, yatolewe jioni au mwisho wa wiki, kwa sababu fundi wa kando ya barabara hawezi kufunga kazi mwezi mzima.

Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huomba bodaboda. Kikundi cha mafundi vijana kikiomba mashine za kupimia magari, maofisa wasikishangae. Hiyo nayo ni zana ya uzalishaji, sawa na jembe kwa mkulima.

Kwa mwenye gari nina ushauri mmoja. Kabla hujakabidhi ufunguo, muulize fundi swali hili: "Pistoni za nyuma utazirudishaje?" Akikuonyesha mashine, au kitabu cha gari lako, kaa kwenye benchi usubiri. Akikuonyesha misuli, mshukuru na uondoke.

Yule kijana wangu nilirudi kwake mwezi uliopita. Yeye na wenzake watatu wamenunua mashine moja, wanaitumia kwa zamu. Alinibadilishia pedi za upande wa pili bila kutoa jasho, akanitoza zaidi kuliko zamani, na nililipa bila kubisha. Mawe yangu mawili sasa yamerudi kwenye bustani.