Viza ya lugha si tiketi ya ajira

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa uhamaji na ajira jijini Berlin, Septemba 13, 2024, mbele ya Rais William Ruto na Chansela wa wakati huo, Olaf Scholz, lugha ya Kijerumani imekuwa gumzo katika shule na vyuo vyetu. Siku hizo ilivuma habari kwamba Wakenya 250,000 wangefunguliwa milango ya kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikaeleza kwamba mkataba ule haukutaja idadi yoyote. Lakini kanusho halina mbio za uvumi, na hadi leo wako vijana wanaoamini kwamba mtu akishajiandikisha kujifunza Kijerumani, amekwisha kushika njia ya kwenda kuajiriwa.

Imani hiyo ndiyo inayowafanya wengi waombe viza wasiyoihitaji.

Sheria ya Ujerumani ya ukaazi wa wageni inatenga makundi ambayo huku kwetu huchanganywa ovyo. Yuko anayekwenda chuo kikuu. Yuko anayekwenda kupata mafunzo ya kazi, yale ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung. Halafu yuko anayekwenda kujifunza lugha, lugha peke yake. Huyu wa tatu ndiye ninayemzungumzia hapa, kwa maana ndiye aghalabu anayepotoshwa.

Viza yake hutolewa kwa kozi kali, isiyopungua saa 18 kwa wiki. Masomo ya jioni au ya mwisho wa juma hayahesabiwi. Kwa kawaida muda wake hauzidi mwaka mmoja. Tena kozi yenyewe isiwe ya kumtayarisha mwanafunzi kuingia chuo kikuu, kwani anayekusudia hivyo hutakiwa kuomba viza ya masomo tangu mwanzo. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa lugha ameruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na bila shaka huo ni unafuu, ila kazi hiyo si njia ya kuthibitisha kwamba ataweza kujilisha. Fedha za kujikimu sharti zionekane kabla hajaondoka.

Na hapo ndipo wazazi wengi wanaposhtuka. Mwombaji wa viza ya lugha hudaiwa aonyeshe kiasi kinachozidi kile cha mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Septemba 2024, mwanafunzi wa chuo aliwekewa euro 992 kwa kila mwezi, naye wa lugha akawekewa euro 1,091. Kwa mwaka mzima hizo ni euro 13,092, yaani fedha zinazokaribia shilingi milioni mbili za Kenya, ambazo kwa desturi huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, na mwenyewe huruhusiwa kutoa fungu la mwezi tu. Ada ya viza yenyewe, euro 75, ni kama chumvi kwenye chungu hicho. Linganisha na kijana aliyepata mkataba wa mafunzo ya kazi: huyo hulipwa posho na mwajiri wake, na posho hiyo ikitosha, haulizwi akaunti iliyofungwa. Kwa jumla anachotakiwa ni kuwa na Kijerumani cha kiwango cha B1 kabla ya kusafiri, na kiwango hicho anaweza kukifikia akiwa papa hapa Kenya. Hivyo basi, mtoto wa mkulima anayeuziwa viza ya lugha kama njia ya mkato anaingizwa katika njia iliyo ghali zaidi.

Kuna tofauti nyingine, ndogo kwa maandishi, kubwa kwa athari. Kuhusu mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo kikuu, sheria ile inasema kwamba ruhusa ya ukaazi hutolewa endapo masharti yametimizwa. Kuhusu mwanafunzi wa lugha, inasema kwamba ruhusa yaweza kutolewa. Neno hilo moja, "yaweza", linampa afisa wa ubalozi nafasi ya kutumia busara yake. Mwombaji anaweza kuwa na fedha, bima ya afya na barua ya shule ya lugha, na bado akanyimwa kwa sababu afisa hakuridhika na nia yake.

Swali ambalo afisa anajiuliza ni jepesi: kwa nini huyu aje kujifunza Kijerumani kwetu ilhali kinafundishwa Nairobi, tena katika Taasisi ya Goethe, na hutahiniwa hata katika KCSE? Barua nyingi za kueleza nia hazilijibu. Husifu uzuri wa miji ya Ulaya, hushukuru kwa unyenyekevu mwingi, na kumalizia kwa kumwomba Mungu ambariki msomaji. Nyingine zimenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa wakala mmoja, zikabadilishwa majina tu.

Wajerumani wenyewe hawakuwahi kujifunza lugha yetu bila sababu. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin taasisi ya lugha za Mashariki, ambamo Kiswahili kilifundishwa kwa waliokuwa wakitumwa kuitawala Afrika Mashariki. Wenyeji wa pwani walichukuliwa kwenda kuwasomesha, mmojawapo akiwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika huko mwaka 1900. Sababu ile haikuwa njema kwetu, lakini ilikuwa wazi. Mwalimu wa Kijerumani anayetaka kurudi darasani na lafudhi iliyonyooka ana sababu. Kijana mwenye B1 ambaye biashara yake ya utalii inahitaji C1 ana sababu. Asiyejua hata kusalimu, na ambaye hakuwahi kuhudhuria somo moja hapa nyumbani, atamweleza nani akubaliwe?

Uzito wa jambo hili umeongezeka. Zamani aliyenyimwa viza aliweza kuiandikia ofisi ileile, bila malipo, akiiomba iliangalie ombi lake upya. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote Julai 1, 2025. Aliyekataliwa sasa hana budi kuanza tena na kulipa ada tena, au kwenda mahakamani huko Berlin, jambo ambalo familia nyingi haziliwezi. Kwa hiyo barua ya kwanza ndiyo barua.

Mtu anaweza kulalamika kwamba mizani hii haiko sawa. Kenya iliondoa viza Januari 2024 na kuweka idhini ya usafiri inayoombwa kwa intaneti. Mjerumani ajaye Mombasa kunoa Kiswahili chake kwa miezi miwili haulizwi akaunti iliyofungwa. Lalamiko hilo ni la haki, na wanadiplomasia wetu walipaswa kulifikisha mezani siku ile ya Septemba. Lakini halitamsaidia mwombaji wa mwezi ujao.

Atakayemsaidia ni mwalimu anayefuatwa ofisini kuandika barua ya sifa. Badala ya kuandika kwamba kijana ni mtiifu na msafi, na aandike alichojifunza, kwa muda gani, na lugha hiyo itamfaa kwa kazi ipi. Akiona kwamba anachotaka kijana ni uuguzi au umekanika, amwambie waziwazi kwamba fomu aliyoishika siyo. Nazo shule na mawakala wanaotoza malaki ya shilingi kwa ahadi ya "viza ya Ujerumani" washurutishwe kuandika kwenye stakabadhi ni viza ya aina gani waliyoiahidi, na ni kiasi gani watakachorudisha ikikataliwa.